Kidimbwi Kilichokula Sura

Mpaka leo haijajulikana vyura wale walitoka wapi. Kilikuwa kiangazi cha vumbi na majani makavu. Mto ulikuwa mbali, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na mitaro ya barabarani ilikauka hata watoto wakawa wanachezea gololi ndani yake. Hata hivyo, asubuhi ya pili baada ya kidimbwi kujazwa, vyura thelathini na mmoja walikuwa wameketi ukingoni, wakubwa kwa wadogo, wa kijani na wa rangi ya udongo. Wote walikuwa wameyapa maji mgongo na kuelekeza nyuso zao kwenye dirisha la jikoni. Hakuna aliyelia. Watu wamewajadili vyura hao mpaka wamechoka, na anayesimulia hapa hana jibu zaidi ya wengine. Anachojua ni kwamba walihesabiwa sawasawa, kwa sababu aliyewahesabu alikuwa Mama Vipimo.

Jina hilo alipewa na majirani. Kwa miaka thelathini alifanya kazi katika maabara ya idara ya maji, akipima chumvi, asidi, dawa na uchafu, na alipostaafu mkono wake ulikataa kustaafu naye. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, dereva wa lori aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko lori lake, alipenda kusema kwamba ukienda kwa Mama Vipimo kunywa chai, kwanza chai inatiwa kipimajoto, halafu unatiwa wewe.

Aliishi na dada yake mkubwa, wawili tu. Dada alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na macho yake yalikwisha kidogo kidogo kama uzi kwenye kigurudumu. Kwa miaka mitatu sasa alichobakiwa nacho ni mwanga: aliweza kujua dirisha liko wapi na ukuta uko wapi, basi.

Kidimbwi kilichimbwa kwa ajili yake.

"Bustani imeniacha," Dada alisema siku moja. "Maua siyaoni. Ukinileta huku nje unanianika tu, mdogo wangu, kama shuka."

Mama Vipimo akawaza ni kitu gani cha bustani kinachoweza kumfikia mtu kwa masikio. Akawaza vyura.

Alikichimba kwa kanuni, maana hakujua kufanya jambo vinginevyo. Alichagua penye kivuli cha nusu siku. Upande mmoja aliulaza taratibu, ili mnyama mdogo akiingia aweze kutoka. Akapanga mawe yenye mianya, akalaza gogo bovu la kujifichia, akaotesha majani marefu ya kereng'ende kutua. Samaki hakutaka hata mmoja, kwa sababu samaki hula viluwiluwi. Maji ya bomba aliyaacha siku tatu yatoe dawa. Likabaki jambo la mwisho, ambalo wapenda bustani wote hulifanya: kianzio. Unachukua ndoo moja ya maji ya zamani, yenye uhai tayari, na wadudu wake na uteute wake, unaimimina kwenye maji mapya kama mtu anayetia hamira kwenye unga.

Kanuni inasema uchukue mahali unapopajua. Bwawa alilolijua Mama Vipimo lilikuwa limekauka, na Dada alikuwa akiuliza kila jioni, "Bado?" Kwa hiyo alikwenda mtaa wa pili, nyuma ya studio ya picha iliyofungwa tangu mpiga picha wake alipofariki. Kulikuwa na tangi la saruji ambamo zamani picha zilikuwa zikisuuzwa kabla ya kuanikwa. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimelijaza, na maji yake yalikuwa ya kijani, mazito, yenye uhai wa kila namna. Aliyapima palepale. Asidi, sawa. Chumvi, sawa. Dawa, hakuna hata chembe. Akachota ndoo moja, akaenda zake akijisifu moyoni. Hakuna kipimo alichokiruka. Tatizo ni kwamba alipima maji tu.

"Wako thelathini na mmoja, dada!" alisema asubuhi ile, akimshika mkono.

Dada alitega sikio kwa muda mrefu. "Thelathini na mmoja, halafu kimya hivi? Mdogo wangu, hao si vyura. Hao ni wajumbe wa mkutano, wanasubiri posho."

Walicheka wote wawili. Lakini Mama Vipimo alikuwa ameona jambo jingine ambalo hakulisema. Ndege mmoja mdogo wa manjano, aliyekuwa na kiota kwenye mti wa uani, alishuka kunywa. Alikunywa, akainua kichwa, akarudi mtini, na kuanzia hapo hadi adhuhuri alikuwa akizunguka kiota hadi kiota, akichungulia na kufukuzwa, akichungulia na kufukuzwa, kama mgeni anayetafuta nyumba kwenye mtaa asioujua. Chake kilikuwa pale pale, mbele ya macho yake, na makinda yakilia ndani.

Siku ya tatu ilianza harufu ya siki. Siku ya nne, saa sita mchana, jua likiwa limesimama wima juu ya maji, ilisikika sauti ndogo: *swashi, swashi*, kama karatasi inayosukwasukwa ndani ya beseni. Mama Vipimo aliinama kila siku kupima joto na kuandika. Hakuona kitu cha kuandika zaidi ya joto.

Siku ya tano Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda chake ukingoni, na Mama Vipimo akamsikia akicheka peke yake.

"Kuna nini?"

"Nimemwona shoga yangu," Dada alisema kwa kunong'ona, machozi yakimtiririka. "Yule tuliyeshona naye pamoja, aliyekufa kwa homa. Namwona, mdogo wangu! Ndani ya maji. Na kile kidoti chake shavuni. Miaka mitatu sijaona sura ya mtu."

Mama Vipimo alimpeleka ndani, akampa maji ya kunywa, akasema ni jua. Kesho yake, wakimenya viazi, alimtaja yule shoga.

"Nani?" Dada aliuliza.

"Shoga yako wa dukani. Wa miaka ishirini."

"Dukani nilikuwa peke yangu," alisema Dada kwa upole, akaendelea kumenya.

Uzee, Mama Vipimo alijiambia. Siku mbili baadaye Dada alirudi kutoka kidimbwini uso unang'aa, akasema leo ameletewa mama yao, na kanga yake ya kichwani, akitabasamu. Asubuhi iliyofuata Mama Vipimo aliamka mapema, akamkalisha kitandani, akamuuliza polepole, kama anayeweka mguu kwenye ngazi mbovu:

"Dada. Unamkumbuka mama?"

"Mama yupi?"

Mama Vipimo alimshika mabega. "Dada, kile kidimbwi kinakula watu wako. Kinakuonyesha, halafu kinachukua. Hukai tena pale."

Dada hakustuka. Aligeuza macho yake yasiyoona kuelekea sauti. "Labda. Nami nilitaka kukuuliza jambo, sikujua niseme vipi. Wewe mbona siku hizi humtaji marehemu mume wako?"

"Mume wangu gani? Mimi sijaolewa."

Dada alipeleka mkono, akaushika wa mdogo wake, akavipapasa vidole kimoja kimoja mpaka akafika kwenye pete. Aliishikilia tu.

Mama Vipimo alikwenda chumbani kwake, na kila hatua ilikuwa ndefu kuliko ile iliyotangulia, akapita mlango, akapita kabati ambalo milango yake ilikuwa wazi kidogo na ndani yake mashati ya kiume sita yamening'inia yamepigwa pasi, akafika ukutani kando ya kitanda, kwenye picha ambayo alikuwa akiiona kila siku bila kuiangalia, na ndani ya picha alikuwamo yeye mwenyewe, kijana, amevaa nguo nyeupe ndefu, na pembeni yake mwanamume mrefu mwenye mwanya, mkono begani mwake, akicheka kama mtu ambaye hajawahi kuogopa chochote, na Mama Vipimo akamkazia macho mpaka macho yakauma, akatafuta jina, sauti, harufu, ugomvi hata mmoja, na hakupata kitu. Alikuwa ameinama juu ya maji yale kila siku, saa sita kamili, na daftari mkononi.

Hakulia. Huwezi kumlilia mtu usiyemjua. Na hilo ndilo lililomtia hasira, hasira aliyokuwa hajaisikia tangu ujanani. Alirudi jikoni amekunja mikono ya gauni.

"Jini limeiba," alisema. "Limeingia nyumbani kwangu, ndani ya ndoo yangu, likaniibia mtu. Sasa litanijua."

Dereva wa jirani ndiye aliyemleta tabibu, mtu wa makamo mwenye sifa ya kutoa majini katika nyumba ngumu. Alifika asubuhi na mkoba wa ngozi, anatembea kifua mbele.

"Kaeni ndani, mama zangu. Maji ni kazi nyepesi. Mwenye kazi ni jini la moto."

"Usiangalie ndani," Mama Vipimo alimwambia.

"Mama, daktari haogopi kidonda."

Walimtazama kupitia dirishani. Alifungua mkoba, akapiga magoti, akainama. *Swashi, swashi.* Muda si mrefu akainuka, uso wake laini kama wa mtoto aliyeamka usingizini.

"Bustani nzuri," alisema alipofika mlangoni. "Samahani, mliniita kwa ajili ya nini?" Akautazama mkoba mkononi mwake, akatoa kichupa, akakinusa, akakunja pua. "Na haya makorokoro ni ya nani?"

Kazi yote alikuwa amefundishwa na babu yake. Kidimbwi kilikuwa kimemchukua babu kichwani mwake, na kila alichofundisha kimeondoka naye. Dereva, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, alimshika mkono na kumrudisha kwake taratibu.

Dereva aliporudi alisema, "Nina lori, nina kifusi. Nusu saa tu, pale panakuwa uwanja."

"Hapana," alisema Mama Vipimo. "Mume wangu yuko mle. Mama yetu yuko mle. Siwafukii watu wangu chini ya kifusi kwa sababu ya mwizi. Lenyewe ndilo litakaloondoka. Kidimbwi nimekichimba kwa mikono yangu."

"Na mimi je?" Dada alisema kutoka kwenye kiti chake, kwa ukali. "Hakuna aliyeniuliza. Nyinyi mnaona kuta, mnaona sahani, mnaonana. Mimi nina nusu saa kwa siku ya kuona sura ya mtu. Wewe ungeiacha?"

"Lakini unawasahau, dada!"

"Nisiyemkumbuka haniumi."

Mama Vipimo hakumlaumu. Angekuwa yeye gizani, huenda angesema hivyo hivyo. Akakaa chini sakafuni karibu na miguu ya dada yake mpaka chai ikapoa.

Siku iliyofuata Dada alitoroka. Saa sita mchana kigoda kilikuwa ukingoni na yeye juu yake, na Mama Vipimo alipotoka mbio akamkuta anarudi mwenyewe, akipapasa ukuta.

"Wafu wamekwisha," Dada alisema. "Leo limeniletea wewe."

"Umeniangalia?"

"Nimefumba macho. Mimi kipofu, nimefumba macho!" Alicheka na kulia kwa pamoja. "Linaongea, mdogo wangu. Linasema kama yule mpiga picha. *Tazama hapa. Usipepese. Tabasamu kidogo.* Miaka yote limekaa kwenye lile tangi likilamba sura za watu kwenye karatasi, na studio ilipofungwa likabaki na njaa. Wewe ukaenda na ndoo."

"Nisamehe."

"Nyamaza. Uliniletea vyura." Dada alijikausha uso kwa ncha ya nguo, na alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya dukani, iliyokuwa ikiwakalisha wateja wakorofi. "Nimelipa la kutosha. Limenichukulia hata mama, na nikanyamaza kwa sababu lilinipa mwanga. Lakini wewe sikutoi. Giza langu nalijua, nimelizoea, ni langu. Nipe ndoo. Na kwenye sanduku langu la nyuzi, chini kabisa, kuna picha yangu. Nilipigwa pale pale kwa yule bwana siku nilipofungua duka."

Mama Vipimo alielewa kwamba picha ndiyo chambo, akakataa. Alisema itumike picha ya harusi, kwa sababu yule mwanamume tayari hamjui. Dada alitikisa kichwa.

"Huyo utamhitaji. Mimi sura yangu siioni hata hivyo."

Kesho yake, jua lilipokuwa wima, walitoka wote wawili. Dada alikuwa amejifunga machoni kitambaa cheusi cha bitana, mikunjo mitatu, ili hata mwanga usipite. Mama Vipimo alisimama ameyapa maji mgongo, ameshika mshipi wa gauni la dada yake kwa nyuma. Kando yake, vyura thelathini na mmoja nao walikuwa wameyapa maji mgongo, bila kupepesa. Ndoo ilijazwa maji safi, picha ikalazwa ndani yake, chini kabisa, na Dada akaishusha kwenye ule upande uliolala, akaiinamisha mpaka mdomo wake ukakutana na maji ya kidimbwi.

"Haya," alisema. "Njoo ule."

Harufu ya siki ilipanda mpaka machozi yakawatoka. Halafu sauti ikaja, laini, yenye adabu, sauti ya mtu aliyezoea kuwapanga watu mbele ya pazia, ikasema fungua kitambaa hicho mama, mwanga leo ni mzuri sana, nitakuonyesha mikono yako mwenyewe ikitunga uzi kwenye sindano, nitakuonyesha rangi, nyekundu ile uliyoipenda, nitakuonyesha mdogo wako alivyozeeka maana hujamwona alivyozeeka, kila siku nitakupa, mchana kutwa, mpaka mwisho wako, na sitaki kitu ila vile vitu vidogo ambavyo hata bila mimi vingepotea, maana wanadamu wote husahau, mama, mimi nasaidia tu.

"Umemaliza?" Dada aliuliza. "Nimeshona nguo za watu miaka arobaini. Najua mtu anayepunja kitambaa kwa jinsi anavyosifia rangi. Chukua sura yangu ule, hiyo nakupa kwa hiari. Mengine uliyoyachukua ni ya wizi, na ndani ya nyumba yangu hulali tena. Uliingia kwa ndoo, utatoka kwa ndoo!"

Kidimbwi kilinyamaza. Kisha ndoo ikaanza kuwa nzito, nzito kama mtoto aliyelala, halafu kama jiwe, na *swashi, swashi* ikatoka kwenye maji mapana ikahamia kwenye maji membamba. Dada akaiinua, akabamiza kifuniko, akakikalia.

"Kamba!" alifoka. "Unasubiri nini, upime kwanza?"

Waliibeba mtaa mzima mchana kweupe, ndoo ikining'inia kwenye mti mabegani mwao, Mama Vipimo mbele na Dada nyuma na kitambaa chake usoni. Dereva alitangulia akifukuza watu. "Pisheni! Pisheni! Mgonjwa wa kuambukiza!" Kwenye kona ya studio sauti ilibadilika ndani ya ndoo. Ikawa nzito, ya kiume, yenye kicheko, ikaita jina moja dogo la mapenzi. Dada alilijua jina hilo na sauti hiyo, akakaza mkono kwenye mti, kwa sababu alijua ni nani peke yake duniani aliyewahi kuitwa hivyo. Mama Vipimo hakugeuka. Aliendelea kutembea. Jina lile halikumwambia kitu. Jini lilikuwa limekula chambo chake lenyewe, na sasa halikuwa na cha kumvutia.

Walilitumbukiza jini kwenye tangi pamoja na ndoo yake, picha yake na kamba yake. Dereva alikuwa ameleta saruji. Kabla giza halijaingia mdomo wa tangi ulikuwa umezibwa unene wa shubiri mbili, na Mama Vipimo akaupima kwa rula, mara mbili.

Yaliyochukuliwa hayakurudi. Walisubiri siku tatu, wakaelewa. Tabibu alikaa nyumbani kwake akijifunza kutengeneza viti, na wanaomjua wanasema anavitengeneza vizuri. Dada alipouliza uso wake ulikuwaje, Mama Vipimo alimwambia ana pua ya ubishi.

Jioni ya siku ya nne wakakaa barazani na kuamua. Kwanza, kidimbwi hakifukiwi. Kitajazwa na mvua, na yeyote atakayetaka kuja kwa miguu yake mwenyewe. Pili, kilicholiwa hakitaachwa kiwe kimeliwa. Kila jioni, kabla ya kula, Mama Vipimo atamsimulia Dada habari za mama yao, na Dada atamsimulia Mama Vipimo habari za mume wake, jambo moja kwa siku, la kweli, bila kulipamba, na hata kama ni baya. Watakapomaliza wataanza upya.

Dada ndiye aliyeanza, jioni ile ile.

"Alikuwa anavaa viatu vikubwa," alisema. "Vikubwa mno. Na alikuwa anaviacha mlangoni, katikati kabisa ya njia, na ulikuwa unamgombeza kila siku."

Mama Vipimo aliitazama picha ya harusi magotini mwake, ambayo haikuonyesha miguu.

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Endelea, dada," alisema.

"Moja kwa siku, tumekubaliana."

"Endelea."